Chuo cha Akiba

Palisades Park, New Jersey
14 Septemba 2018

Shangazi Ok-ran,

Shikamoo. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu imo ndani ya pipa la mchele. Si utani. Mama ameitia kwenye mfuko wa plastiki akaizika humo mpaka maombi ya vyuo yaishe. Anasema hapo ndipo mahali pekee katika nyumba hii ambapo sijawahi kutia mkono. Baba hajambo, mgongo tu. Kazi ya kutengeneza meno bandia inamkunja kama ndoana. Anakusalimu, yaani hakukataa nilipomwambia nakuandikia. Mama anaimba kwaya na ana sauti bado.

Sasa habari yenyewe. Huu ndio mwaka. Naomba vyuo vile vinane vya majina, ambavyo Mama anaviita Wale Wanane kama vile ni wazee wa kanisa. Naomba pia chuo kikuu cha jimbo, kwa kuwa mshauri wa shule amenilazimisha, na Halvorsen, hicho cha mjini kwenu, kwa kuwa Baba alisema itakuwa aibu kutokukitaja wakati dada yake anaishi mlangoni pake.

Mama ameniajiria mtu, Bwana Whitlock, ambaye zamani alifanya kazi ndani ya mmoja wa Wale Wanane. Alitazama alama zangu zote, fidla, hesabu, hospitali ninakosukuma viti vya wagonjwa. Akafunga jalada.

"Vizuri sana," akasema. "Sasa niambie, umeumia wapi?"

"Sijaumia."

"Kila mtu ameumia, Narae. Insha ya maombi bila kidonda haisomeki."

Mama akadakia, "Aliwahi kuvunjika kidole!"

"Kipi?"

"Cha mguu."

Bwana Whitlock aliandika. Nilimwona akiandika, Shangazi.

Wewe uliingia kwa mmoja wa Wale Wanane, miaka ile. Uliandika nini?

Mwanao,
Narae


Alder Falls, Minnesota
2 Oktoba

Narae wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika siku fundi alipokuja kukagua tanuri la kupasha nyumba joto, kwa hiyo nimeisoma nikiwa na koti ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Majani yameshaanguka. Wanafunzi wangu wa piano ni walewale, na mkubwa wao ana miaka sabini na anapiga kama anayekanda unga. Mwambie baba yako alale chali, si ubavu. Hatasikia, lakini mwambie.

Niliandika nini? Sikumbuki.

Nina jambo bora zaidi la kukuambia. Njoo mwezi huu. Hapa chuoni kuna siku za wageni; watoto huja na wazazi wao, huzungushwa na mwanafunzi anayetembea kinyumenyume huku akisema, na mara moja kwa wiki mmoja wao hujigonga kwenye nguzo ya bendera. Mlangoni kuna meza. Kila anayekuja huandikwa jina. Kuandikwa jina si jambo dogo. Utalala kwangu, utakula, utarudi kwenu Jumapili.

Sisemi zaidi. Kila majira ya baridi nafanya kazi ya karatasi pale ofisini kwao, na nimetia sahihi ya kunyamaza.

Shangazi yako,
Ok-ran


Palisades Park
29 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo tena. Sisi wazima. Baba analala ubavu. Mwana wa Shemasi Ahn, Caleb, ambaye unamjua kwa kutapika kwenye harusi ya binamu, sasa anapiga basuni, lile zumari refu la mbao linalotoa sauti ya mzee anayetafuta miwani. Mama anamwonea huruma. "Maskini Mama Caleb," anasema, "wangemtafutia hata kinanda."

Kuja siwezi. Nina mtihani Jumamosi moja, orkestra Jumamosi nyingine, na hospitali wamenipa cheo cha kuwasimamia wasukuma viti wenzangu. Bwana Whitlock anasema uongozi ni muhimu. Wagonjwa wamepungua, wasimamizi tumeongezeka. Juzi bibi mmoja alisukumwa na watu watatu na mmoja akiandika.

Kuna kingine, na naomba kisimfikie Baba. Fomu ya Halvorsen ina swali: Kwa nini sisi? Nilitumia wiki tatu kuwajibu Wale Wanane. Ninyi niliwajibu nikisubiri wali uive. Nilisifu ziwa. Nilisema najiona nikikaa kando ya ziwa la chuo alfajiri nikiwaza. Shangazi, nakuambia wewe kwa sababu sijawahi kukudanganya: hata nikifungwa kamba sitakuja huko kusoma. Ni chuo cha akiba, cha kushika wengine wote wakinikataa. Mama anasema akiba haiozi, na mimi sibishi, ila hakuna anayelala akiota akiba.

Usinielewe vibaya. Si wewe, ni chuo.

Narae


Alder Falls
20 Novemba

Narae,

Marahaba. Theluji imeingia. Jirani amenisafishia njia bila kuombwa, kisha akasimama dirishani kwake kuhakikisha nimeona.

Nimefurahi kwamba hunidanganyi. Wewe ni mtoto pekee katika ukoo huu mwenye tabia hiyo, na sijui uliitoa wapi.

Kuhusu ziwa, nisingependa kusema kitu.

Kazi ya ofisini imeanza. Kuanzia sasa barua zangu zitakuwa chache, na kuanzia Januari huenda zisiwepo kabisa. Usidhani nimekasirika. Kula, lala, na mara mojamoja ipige fidla bila kuwaza nani anasikiliza.

Shangazi yako


Palisades Park
3 Januari 2019

Shangazi,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Simu imefufuka kutoka kwenye mchele. Nilikuta ujumbe kumi na saba, karibu wote wa vyuo. Halvorsen peke yake wameniandikia kila wiki: Narae, tunakuwaza. Narae, umetuona? Sikufungua hata mmoja. Walinikumbusha yule kaka wa kwaya anayemtumia dada yangu Bora mashairi.

Maombi yote yamekwenda. Kidole cha mguu tulikiacha. Mwishowe niliandika kuhusu kushindwa, jambo ambalo mpaka sasa nimelisoma tu. Bwana Whitlock alilia. Mama anasema hulia kwa kila mteja. Ni sehemu ya huduma.

Sasa nisikilize kwa upole. Jumapili iliyopita Mama Caleb alimwambia Mama, mbele ya chungu cha supu ya kanisa, kwamba shemeji yake wa Minneapolis anakufahamu, na kwamba kazi yako ya karatasi si ya karatasi tu. Unasoma faili za waombaji. Wewe, Shangazi! Mimi nilidhani unasahihisha mitihani ya muziki.

Mama aliweka bakuli chini akaketi. "Miaka yote hii," akasema, "na tulikuwa tunamtumia kadi tu."

Kwa hiyo kuna boksi linakuja. Sikuweza kumzuia, na nikisema kweli, sikujaribu sana. Ameandika hapa chini mwenyewe.

Narae

*Wifi yangu Ok-ran, za siku nyingi. Tumekukumbuka, ndiyo maana tumekuletea dagaa. Ni wa Namhae, pwani ya kwetu nyumbani, si hawa wa dukani wanaonuka boksi. Mama yangu mwenyewe aliwachambua vichwa. Narae amewaomba ninyi pia, ijapokuwa wapo wakubwa wanaomtaka. Najua wewe ni mtu wa haki, lakini haki nayo huanzia nyumbani. Hatuombi upendeleo, Wifi. Tunaomba tu mtoto asisahauliwe kwenye rundo. Kwetu sisi ni akiba, lakini hata akiba lazima mtu aifungie vizuri. Dagaa usiwaweke kwenye friji.*


Alder Falls
22 Januari

Narae,

Mimi mzima. Barua imefika, na boksi pia.

Siwezi kuandika hadi Aprili. Mwambie mama yako dagaa wamepokelewa na ofisi, wakaandikiwa kumbukumbu, na kwa sasa wako kabatini pamoja na karatasi za mashine.

Ok-ran


Palisades Park
2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Baba hajambo. Mama hajambo. Mimi sijui.

Wale Wanane walijibu siku ileile, saa ileile. Ilibidi niweke jina na neno la siri mara nane. Mama alisimama nyuma yangu na taulo la jikoni. Wa kwanza akasema hapana, Mama akasema, "Huyo ana kiburi, tulijua." Wa pili, hapana, akasema, "Kwa huyo kuna baridi." Kufikia wa tano alikuwa anakamua taulo kavu. Wa nane aliponikataa alikunja taulo mara nne, akaenda chumbani, akafunga mlango taratibu, na hicho ndicho kilichonitisha, kwa sababu mlango ule hajawahi kuufunga taratibu.

Wote waliandika kwa adabu. Wote walisema walikuwa na waombaji wengi wenye sifa kuliko nafasi. Nina hakika. Mimi ni mmoja wa hao wenye sifa, na sasa nimepewa cheti cha kusema hivyo mara nane.

Siku yangu ya kuzaliwa ilipita Machi, miaka kumi na minane, bila supu ya mwani ambayo kwetu hunywewa siku hiyo. Mama alikataa kuipika kabla ya majibu: mwani unateleza, na mtoto anayengoja majibu akiula naye hukosa mshiko. Asubuhi baada ya yote hayo niliamka nikakuta bakuli mezani. Alikuwa ameipika. Hakuna tena cha kuteleza. Niliinywa yote, na yeye akanitazama kama mtu anayelisha mgonjwa.

Caleb Ahn ameingia. Kwa mmoja wa Wanane. Mpiga basuni wao wa mwisho anahitimu Juni na orkestra yao haiwezi kucheza bila sauti ya mzee anayetafuta miwani. Mama alikwenda kumpongeza Mama Caleb, akarudi, akavua viatu, akasema kwa utulivu kabisa, "Fidla. Nani alitushauri fidla?" Baba akajibu kutoka sebuleni, "Wewe." Hawajasemeshana tangu Ijumaa.

Chuo cha jimbo kimenikubali, na kimenipa masomo bure. Hakuna aliyeshangilia. Ilikuwa kama kupewa mwavuli wakati nyumba inaungua.

Nimeacha Halvorsen mwisho. Halvorsen wameniweka kwenye foleni ya kungojea. Nikasoma mara mbili. Chuo cha akiba, Shangazi. Bwana Whitlock alisema ninyi mngenichukua mkiwa mmefumba macho. Sasa anasema hajawahi kuona kitu kama hiki, na simu yake imekuwa haipatikani.

Wewe ulikuwemo mle ndani. Aprili imefika. Nini kilitokea?

Narae


Alder Falls
15 Aprili

Narae wangu,

Marahaba. Nimeianza barua hii mara kadhaa, na kila mara naanza na hali ya hewa. Theluji inayeyuka, njia ni tope. Basi.

Nilitia sahihi kutosema habari za waombaji. Habari zangu mwenyewe sikuzitilia sahihi, kwa hiyo nakupa hizo.

Faili lako sikulisoma. Jina letu la ukoo, Pyo, lilipotokea nilinyoosha mkono, nikalikabidhi kwa mwingine, ndivyo kanuni ilivyo. Mambo yangeishia hapo. Lakini boksi likaja, na kanuni inasema zawadi kutoka kwa mzazi wa mwombaji lazima ipelekwe kwa mkuu wa udahili mkononi. Nikalibeba mpaka kwa Bi. Torvik. Ofisi yake ina joto kali.

"Jamani, Ok-ran," akasema, "nini hiki kinachonuka?"

"Ukoo wangu."

Akacheka. Nikamweleza. Akaandika kumbukumbu, akauliza dagaa hula nini, nikamwambia swali ni nani huwala. Kisha akavua miwani.

"Huyu Pyo ni mwenu?"

"Mtoto wa kaka yangu."

"Nimemwona. Anatisha."

"Anatisha tangu ana miaka minne."

"Basi nisaidie. Hajaja kututembelea, hajafungua ujumbe wetu hata mmoja. Wewe unamjua. Tukimpa nafasi, atakuja?"

Ningeweza kusema, siruhusiwi kujibu. Ingekuwa kweli, na mlango ulikuwa wazi nyuma yangu. Nikasema, "Hatakuja."

Ndivyo ilivyotokea.

Bwana Whitlock wenu hakukueleza jambo moja, labda kwa kuwa hakuna anayelipa kulisikia. Chuo nacho kina wazazi. Kila mwaka wanaopanga vyuo kwa ubora hukiuliza: uliowaita, wangapi waliitika? Kikiita wengi wanaokidharau, kinaonekana hakina thamani. Kwa hiyo kama mchumba maskini, kinaogopa kuposa kwa tajiri. Mtoto hafifu hukataliwa kwa uhafifu, na mtoto bora kupita kiasi huachwa kwa sababu ya ubora. Na Wale Wanane? Kwao wote wamefaulu. Kufaulu ni viatu, Narae. Bila viatu hufiki mlangoni, lakini hakuna anayekuita ndani kwa sababu umevaa viatu. Ninyi mmetumia miaka kumi na miwili mking'arisha viatu, na mmesahau kwamba kwetu viatu huachwa nje.

Wiki ile nilikuwa nimesoma faili la mtoto mwingine. Sitasema jina wala mahali. Nitasema tu kwamba wazazi wake wanafuga bata mzinga, na kwamba alikuja kututazama mara tatu. Alijua kwamba Halvorsen haina ziwa, na bado alitaka kuja.

Naam. Haina ziwa. Jimbo hili lina maelfu ya maziwa na wewe ukakichagua chuo kisicho nalo.

Uliniuliza niliandika nini, miaka ile. Nakumbuka vizuri sana. Niliandika kwamba babu yako alikuwa mvuvi aliyeuza mashua ili nisome. Alikuwa karani wa posta. Niliingia, na miaka minne nilitembea nikiogopa kwamba mtu angeniuliza jambo lolote kuhusu samaki.

Ukitaka kunikasirikia, una haki.

Shangazi yako,
Ok-ran


Alder Falls
19 Mei

Narae,

Mwezi umepita, hujaandika. Najua barua zangu zinafika, kwa sababu baba yako alinipigia simu, mara ya kwanza tangu msiba wa mama yetu. Alisema, "Mtoto hali vizuri." Nikasema, "Anajua?" Akasema, "Alitusomea mezani." Halafu akaniuliza kama hapa kwetu kuna baridi bado, nikamwambia hapana. Ilikuwa simu ndefu kwa kipimo cha nyumba yetu.

Sikuandikii kuomba radhi. Nimejaribu kuona ningesema nini kingine siku ile, na kila ninachokiona ni uongo au ni ujanja. Lakini kuhusu ziwa ningeweza kukuambia Novemba, na kanuni isingeanguka. Nilinyamaza kwa sababu uliniudhi. "Hata nikifungwa kamba." Mimi naishi hapa, Narae. Hilo nalikubali.

Kuna jipya. Baadhi ya walioitwa hawakuitika, na sasa wanaanza kuwachukua watu wa kwenye foleni. Jana Bi. Torvik alinikuta kwenye maegesho.

"Yule mpwa wako," akasema. "Bado hatakuja?"

Nikamwambia, "Muulize mwenyewe. Ana simu, imetoka kwenye mchele."

Atakupigia. Nimekuambia ili usishtuke. Sijakuambia useme nini.

Ok-ran


Palisades Park
9 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Ndiyo, nilikukasirikia. Nilikukasirikia kwa bidii, kama ninavyofanya kila kitu. Nilichana barua yako ya Aprili, kisha nikaiunganisha kwa gundi ili niwasomee wazazi, kwa sababu nilitaka mtu mwingine akukasirikie pia. Mama alinisaidia vizuri mwanzoni. Alisema wewe ni jiwe, alisema ndugu ni kama meno, yanayokuuma ni ya kwako mwenyewe. Halafu nikafika pale pa ofisini, pa ukoo unaonuka, nikasikia sauti ngeni. Baba alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika mgongo. Mama akamtupia kijiko, na tangu siku hiyo wanasemeshana.

Mgongo wake ni nafuu. Ameanza kulala chali, anasema ni wazo lake.

Bi. Torvik alipiga Jumatano. Nilikuwa jikoni na Mama, tunatia matango chumvi na pilipili. Nilipotaja Halvorsen, Mama alisimama kama askari, mikono imejaa pilipili.

"Narae," akasema Bi. Torvik, "nitauliza moja kwa moja, maana hapa huwa hatuzunguki. Nina nafasi moja. Nikikupa, utakuja?"

Mama alikuwa akinong'ona kwa nguvu zote, "Sema ndiyo! Sema ndiyo kwanza, utafikiri baadaye!" Ndivyo Bwana Whitlock alivyotufundisha: pokea kila mlango, kisha chagua. Nikageukia ukutani.

Naomba uamini kwamba sikuwa na jibu. Nilikuwa na mwezi mzima wa hasira, nikajua nikisema ndiyo wewe utakuwa ulikosea, mbele ya mkuu wako, na mimi nitakuwa nimeshinda. Nilitaka sana. Neno lenyewe lilikuwa limefika kwenye meno. Nikajiona nimefika kwenu Agosti na sanduku na fidla, nakutazama kila siku kama ushahidi. Halafu nikajiuliza ni kipi kingine zaidi ya hicho ningekuja kukifanya. Nikatafuta, Shangazi. Mwaka mzima nimejibu maswali ya kwa nini sisi, kwa maneno mia mbili, mia tatu, mia sita na hamsini, na sasa sikupata hata moja.

"Hapana," nikasema. "Sitakuja."

Nikasikia kalamu.

"Shangazi yako alisema hivyohivyo," akasema. "Nilidhani anakuonea. Asante kwa kutonipotezea muda, binti. Nafasi hii kuna mtu ataililia."

Mama aliosha mikono muda mrefu. Kisha akasema, "Hata akiba umeitupa." Nikamwambia chuo cha jimbo nimeshalipia amana, na naanza Agosti. "Huko wanakwenda watoto thelathini wa shule yenu," akasema. "Thelathini!" Nikasema ndiyo, nitakuwa na mtu wa kula naye. Alinitazama kama vile nimetamka neno la lugha nyingine. Lakini matango alinipa mimi nionje chumvi kwanza.

Nilikwenda huko Ijumaa, kujiandikisha. Kulikuwa na foleni ndefu juani na mashine ya picha imeharibika. Bwana mmoja mwenye jasho aliuliza jina, akaliona kwenye orodha, akasema, "Pyo, upo. Anayefuata." Hakuuliza niliumia wapi. Nilibaki nimesimama mpaka msichana wa nyuma yangu akaniambia, "Dada, umeshamaliza, songa." Nikasonga. Nilicheka mwenyewe mpaka kituo cha basi. Sijui kama ni furaha. Bado nikilala naota Wale Wanane wakisema wamekosea majina, na katika ndoto siwakatalii. Hilo nakuambia wewe tu.

Nimewaza sana kilichoniuma, nikadhani ni neno lako kwa Bi. Torvik. Si hilo. Mwaka huu nimesomwa na watu wengi sana. Wamesoma alama zangu, fidla yangu, kushindwa kwangu kwa kutunga. Kila usiku niliomba, kanisani na nje ya kanisa, awepo hata mmoja atakayenisoma nilivyo. Alikuwepo mmoja, na faili hakulifungua. Akasema hapana, na alikuwa sahihi.

Mama anasema hiyo ndiyo hasara ya kuwa na ndugu. Amefunga dagaa wengine. Safari hii hawana wanachoomba, kwa hiyo uwale.

Mwanao,
Narae